Mkwe Aliyemaliza Sinia

Shangazi Mwanne alikuwa na sauti ambayo watu wa Chang'ombe ya Dodoma waliijua kabla ya kuijua sura yake, na Ijumaa ile aliitumia yote.

"Mwanamume haposi akiwa amekaa!" alisema, akimnyooshea mpwa wake kijiko cha chai. "Khalidi mwanangu, posa ya mtu aliyekaa inasikika kama anaomba sadaka. Utaingia kwa watu umesimama, umenyooka, kanzu imefika chini. Wakishakupa mtoto wao, kaeni mtakavyo, hata mlale."

Nyumba ilikuwa imejaa, kama inavyojaa siku zote pakiwa na jambo. Mzee Sudi, mshenga, alikuwa kwenye kochi na bakora yake. Fredy, rafiki wa Khalidi na mwenye gari la Noah la kuwapeleka, aliegemea mlango akitafuna kashata zilizonunuliwa kwa ajili ya ukweni. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuazima ungo, wakasahau kilichowaleta. Na katikati, kwenye kiti chake cha magurudumu, alikuwa Khalidi mwenyewe, mwenye posa, ambaye mpaka saa ile hakuna aliyemwuliza neno.

"Shangazi, wanajua sitembei," alisema. "Ikram kawaambia."

"Kuambiwa si kuona. Ukiingia na hicho kiti wataona kiti. Wewe hawatakuona."

Hapo alimgusa pabaya. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Khalidi alipoanguka kutoka juu ya lori la alizeti na kuvunjika mgongo, na katika miaka hiyo alikuwa ameonana na watu wengi waliokiona kiti wasimwone yeye. Dirishani kwa karani, karani humwuliza Fredy, "Huyu anataka nini?" Kwenye duka la dawa hivyo hivyo. Chang'ombe walishamzoea, kila asubuhi alijisukuma hadi kwenye kibanda chake cha kutengeneza vyerehani, sanduku la vifaa mapajani, akisalimia kulia na kushoto mpaka anafika sauti imekauka. Lakini Kondoa hawakumzoea. Na Kondoa, juu milimani, ndiko alikokuwa baba yake Ikram.

Huyo Ikram, aliyekuwa akishona pale Chang'ombe, alikuwa ameleta cherehani yake kibandani mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa imekufa kweli. Mara ya pili ilikuwa imelegea kidogo. Mara ya tatu haikuwa na ugonjwa wowote, na fundi na mwenye cherehani wote walilijua hilo, ila waliifungua, wakaipaka mafuta, wakaifunga. Majirani wa kibanda walishaanza kusema kabla wenyewe hawajaambiana kitu.

"Vyuma viko wapi?" Shangazi aliuliza.

Vyuma vilikuwa kwenye gunia nyuma ya mlango. Vilikuwa viwili, cha kila mguu kimoja, vya kuanzia kwenye kiatu hadi juu ya paja, na komeo gotini la kuufanya mguu usikunjike. Ukivivaa, ukaning'inia kwenye magongo mawili, unaweza kusimama na kujirusha mbele. Khalidi alivipata kliniki miaka miwili nyuma, na Silvano, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfundisha kuvitumia. Lakini Silvano hakuwa mtu wa kumpaka mtu asali. Siku ile alimshika Khalidi mkono, akahesabu mapigo ya moyo akiwa ametulia: sabini na mbili. Akamtuma ajisukume na kiti ukumbini, kwenda na kurudi mara tatu. Mapigo tisini na tano. Halafu akamvalisha vyuma, akamwambia aende mara moja tu, bila kurudi. Mia moja sitini na moja, na kanga ya muuguzi ikatumika kumfuta jasho.

"Umeona?" Silvano alimwambia. "Ukiwa na kiti, mwili wako unatumia nguvu karibu sawa na mimi ninapotembea zangu kwenda kununua vocha. Ukiwa na vyuma, mikono na mabega ndiyo yanabeba mwili mzima, kila hatua. Ni kama mimi nipande Mlima Mlimwa na gunia kichwani. Vyuma ni vya kusimama nyumbani, mifupa isisahau uzito, damu ipate kuzunguka. Vya kusimama, kaka. Si vya safari."

Khalidi alilikumbuka lile neno la mwisho. Halafu akalikumbuka lile dirisha la karani.

"Ni hatua ngapi kutoka kwenye gari mpaka ndani?" aliuliza.

"Kumi na mbili," alisema Mzee Sudi, aliyekwenda kupeleka barua ya posa. "Gari linafika mpaka uani."

"Kumi na mbili naziweza."

Shangazi alipiga kigelegele. Fredy alimeza kashata, akasema, "Mimi kiti nakipakia. Gari ni langu, na buti ni yangu."

"Kipakie, lakini kisitoke!" alisema Shangazi. Na kweli, kesho yake alfajiri kiti kilikunjwa, kikawekwa nyuma kabisa, kikafunikwa turubai, na juu ya turubai vikapangwa vitenge, sukari na tende, kama mtu anavyoficha deni.

Khalidi hakunywa chai asubuhi ile. Shangazi alisema akijaza maji watasimama kila penye kichaka. Alikula nusu chapati, akanyang'anywa nusu nyingine. "Ukweni utakuta chakula. Utakionja tu, usije ukanitia aibu. Mkwe hali akashiba siku ya kwanza. Vitonge vitatu, unanawa, unasema alhamdulillahi."

Walipita Kondoa mjini saa nne hivi, wakaiacha lami, wakaanza kupanda. Na pale ambapo Mzee Sudi alisema gari litapita, hapakuwa na pa kupita. Mvua ya juzi ilikuwa imekata njia. Korongo jipya, jekundu, la kina cha mtu kufika kiunoni, lilikuwa limelala barabarani kama limepanga. Kando yake palibaki kijinjia cha punda. Juu kabisa, kwenye mwinuko, ilionekana nyumba yenye bati jipya, na mbele yake kundi la watu waliovaa vizuri, wote wakitazama chini.

"Si hatua kumi na mbili hizi," alisema Fredy.

"Ni mia moja," alisema Mzee Sudi, akikwepa macho ya watu. "Na ishirini."

"Nikitoe kiti?"

"Wameshatuona!" Shangazi alinong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi ng'ambo ya korongo. "Fredy, uguse hilo turubai nikukate mkono."

Khalidi alifunga makomeo ya magoti, akashika magongo, akasimama. Kanzu ilishuka ikafunika vyuma vyote. Kwa kitambo alikuwa mrefu kuliko Fredy, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Upepo wa milimani ulimpiga usoni mahali ambapo kwa miaka mitano ulikuwa ukipita juu yake. Alijisikia vizuri sana, kwa hatua kama sita.

Magongo mbele. Mabega yavute. Kiuno kirushe. Miguu yote miwili itue kwa pamoja, kwa kishindo, na moyo uombe isiteleze. Kisha magongo mbele tena. Kwenye sakafu ya kliniki lilikuwa jambo moja. Kwenye njia ya punda, yenye mawe na mteremko unaokurudisha nyuma, lilikuwa jambo jingine kabisa. Kufika hatua ya ishirini jasho lilikuwa limeingia machoni, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Kufika hatua ya arobaini alisikia moyo masikioni. Wanawake wa juu walianza vigelegele, wakidhani wanamtia moyo, na kila kigelegele kilimfanya aone aibu kupumzika. Kufika hatua ya sabini aliacha kuhesabu. Aliwaza ile nusu chapati. Aliiwaza kwa undani, na mafuta yake.

"Tazama anavyonyooka!" Shangazi alisema nyuma yake, machozi yakimlengalenga. "Kama mnara!"

"Mnara unaoanguka," alisema Fredy, mikono yake ikiwa tayari nyuma ya kiuno cha rafiki yake.

Walipofika mlangoni palikuwa na kitu cha ajabu. Kizingiti hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mteremko wa udongo mbichi, uliopigwapigwa na kusawazishwa, mpana kama mkeka. Gongo la kushoto likazama humo kama mwiko kwenye uji. Khalidi aliyumba, Fredy akamdaka kwapani, na posa ikaingia ndani kwa upande, kama kabati linalohamishwa.

Mzee Khamisi, baba yake Ikram, alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache, mwenye punda sita wa kubebea watu mizigo yao. Alisimama katikati ya chumba akisubiri salamu. Khalidi alifungua kinywa kusema shikamoo. Haikutoka. Kilichotoka ni pumzi, nyingi, moja baada ya nyingine, kama mvukuto wa mhunzi. Alijaribu tena. Pumzi tena.

Kijana amekuja kuomba mke na hajamwamkia baba.

"Anasema shikamoo," alisema Mzee Sudi.

"Marahaba," Mzee Khamisi alimjibu Mzee Sudi, akimtazama Khalidi.

Wakamkalisha kwenye kiti cha mbao. Alifungua makomeo, magoti yakakunjika, na hapo mikono, ambayo sasa haikuwa na cha kushika, ilianza kutetemeka. Alijaribu kuikalia. Ikatetemeka huko huko. Pembeni, baba mdogo wa Ikram, mtu mwenye masharubu na maoni, alimwinamia jirani yake. "Saa tano asubuhi," alisema, si kwa sauti ndogo sana, "na mikono inatetemeka hivyo. Hao mafundi wa mjini, mnajua wanachoanzia siku."

Shangazi alisikia. Akajifanya anafunga kanga upya.

Ikram alitoka ndani na birika na bakuli la kunawia, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi kama inavyotakiwa. Alipoinama mbele ya Khalidi aliona pindo la kanzu, akaona chuma.

"Nani kakuvalisha hivyo vyuma?" alinong'ona.

"Shangazi."

"Na mimi nimekaa siku tatu namweleza baba..." Lakini bibi yake alikohoa kutoka pembeni, na Ikram ikabidi ahamie kwa mgeni mwingine na birika lake.

Sinia likaja. Pilau, na juu yake kuku wa kienyeji mzima, na bakuli la mlenda, na ugali wa uwele kwa wazee wasioamini kuwa wali ni chakula. Wanawake kwa kawaida wangekula ndani, ila Shangazi alijipachika kwenye kigoda karibu na paja la mpwa wake, akidai eti kijana hawezi kuinamia sinia bila msaada. Ukweli ni kwamba alitaka kuvihesabu vile vitonge vitatu.

Cha kwanza Khalidi alikiweka mdomoni kwa adabu. Cha pili kwa adabu kidogo. Baada ya hapo, mwili wake ulichukua madaraka. Usimlaumu. Mtu aliyepanda mlima na gunia anakula, na yeye gunia lenyewe lilikuwa yeye. Cha nne, cha tano, cha nane. Alisikia nguvu zikiingia moja moja kama watu wanaorudi nyumbani. Paja la kuku likaenda. Mgongo wa kuku ukafuata. Mzee Sudi aliinua mkono wake kama ishara kwamba yeye ameshiba, na Khalidi akachukulia kuwa upande ule wa sinia sasa uko wazi.

Shangazi alipitisha mkono chini ya kanzu, akamfinya paja.

Khalidi akachukua bawa.

Akamfinya tena, kwa kucha, kufinya kwa kumtoa mtoto msikitini. Khalidi akavuta bakuli la mlenda. Shangazi alikaza meno, akashika nyama ya paja kwa vidole viwili, akaizungusha kama anafungua bomba. Jasho lilimtoka. Khalidi, macho yamefumba kidogo kwa raha, aliokota firigisi, ile nyama ambayo kila mtu chumbani alijua ni ya mwenye nyumba, akaitia mdomoni.

"We Mwanne," ilisikika sauti ya kizee kutoka kwenye jamvi. Ni bibi yake Ikram, mama wa Mzee Khamisi, mwenye umri ambao hakuna aliyekuwa na karatasi yake. Alikuwa ameona kila kitu kutoka chini kule. "Nimekutazama muda mrefu. Unamfinya mtu mguu ambao hausikii. Unamfinya nani?"

Shangazi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Miaka mitano ameusugua mguu ule mafuta, ameugeuza usiku usipate kidonda, na leo, kwa woga wake, amesahau. Halafu bibi akacheka. Alicheka kwanza peke yake, kicheko cha mtu asiye na meno ya kumzuia, kisha Fredy akashindwa kujizuia, kisha masharubu ya baba mdogo yakaanza kucheza, na mwisho Shangazi mwenyewe akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, haijulikani analia ama anacheka.

Mzee Khamisi hakucheka. Aliinuka, akaja, akachuchumaa mbele ya Khalidi. Akashika pindo la kanzu.

"Niruhusu."

Khalidi alikubali kwa kichwa; firigisi ilikuwa bado mdomoni. Mzee alifunua hadi gotini, akagonga chuma kwa kidole, akakishika, akakipima uzito kama anavyopima mzigo kabla ya kumpandisha punda.

"Kilo mbili na nusu kila mguu. Tatu," alisema. "Na unatembea navyo kila siku?"

"Kila siku!" alidakia Shangazi kutoka ndani ya kanga. "Asubuhi na jioni!"

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda, na Khalidi aliiona wazi kama alivyoliona lile korongo. Akisema ndiyo, atapewa mke kwa hesabu ya uongo, na kila atakapokuja ukweni maisha yake yote atavivaa vile vyuma na kuupanda ule mlima. Akisema hapana, basi mtu mrefu aliyeingia kwa vigelegele hatakuwepo tena, na watakaobaki ni yeye na kiti. Ikram alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango wa ndani. Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili, akimtazama.

Alimeza.

"Hapana, baba," alisema. Sauti ilikuwa imerudi. Pilau ilikuwa imefanya kazi yake. "Hivi ni vya kusimama nyumbani, dakika chache. Tangu nivipate, leo ndiyo mara ya kwanza kwenda navyo mbali hivi. Nimejimaliza. Nilishindwa hata kukuamkia. Sinywi pombe, wala sina homa. Nilikuwa na njaa tu."

"Sasa kazini unaendaje?"

"Kwa kiti cha magurudumu. Kwa hicho nafika kazini, narudi, napika, nafua. Nikiwa nacho sichoki kuliko wewe na miguu yako."

"Kiko wapi?"

Fredy ndiye aliyejibu, "Kwenye buti, mzee. Chini ya sukari."

Mzee Khamisi alisimama taratibu, akiwa ameshika magoti. Alikwenda mlangoni, akautazama ule mteremko wa udongo mbichi, wenye tundu la gongo katikati. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa.

"Jana nimeng'oa kizingiti cha nyumba yangu," alisema. "Tulikiweka mimi na babu yake Ikram, mwaka ule wa njaa. Nimeking'oa. Nimebeba udongo ndoo kumi na nane kutoka kwenye kichuguu, nimeumwagia maji, nimeupiga kwa mchi hadi mama yangu huyu akauliza kama nina wazimu. Binti yangu kaniambia, baba, mgeni wangu anakuja na kiti, kinapita penye bapa. Asubuhi hii nakaa hapa nangoja kiti. Naona inakuja kanzu kwa kurukaruka kama ndege korongo aliyevunjika mguu! Nikajiuliza, huyu ni nani? Yule wa kiti wamemwacha wapi?"

"Ya Rabi!" alisema Shangazi.

"Na nilipokuona umekaa hapo unatetemeka," Mzee Khamisi alimgeukia Khalidi, "nilijiambia, basi. Binti kanidanganya. Alisema anajitegemea, na huyu hatua mia tu zimemmaliza. Atamchotea nani maji? Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwarudisha kwa heshima. Mngekula, mngeshukuru, mngeondoka." Akaelekeza kidole nje. "Hapa kuna watu wanampakia punda magunia mawili asubuhi ya gulio ili wengine waseme, lo, fulani ana punda! Mchana punda yuko chini. Mimi punda namtazama jioni, akirudi. Nenda kalete hicho kiti, kijana."

Fredy alikwenda mbio na kurudi nacho kichwani, kimefunguka nusu, gurudumu likizunguka hewani. Khalidi alifungua mikanda ya vyuma, akavivua palepale mbele ya watu, akajiinua kwa mikono, akahamia. Ni jambo la sekunde tatu, analifanya mara ishirini kwa siku. Lakini alipoketi, na mikono ikashika ringi za magurudumu, kitu fulani kifuani kilichokazwa tangu Ijumaa kilijilegeza chenyewe. Hata pumzi ilijua njia.

Akapita mlangoni. Udongo ulikuwa umekauka kiasi cha kutosha. Magurudumu yaliteremka juu yake bila hata kugutuka, yakaacha mistari miwili pande zote za lile tundu la gongo.

"Nenda mpaka kwenye zizi urudi," alisema Mzee Khamisi, na watu wote wakatoka nje kutazama, wengine na mifupa ya kuku mikononi.

Ua ulikuwa wa udongo mgumu uliofagiwa. Khalidi alienda. Njiani alikutana na bibi wawili wa jirani, akawaamkia, akasikiliza habari za goti la mmoja wao hadi mwisho. Alimwuliza mtoto jina la punda. Alizunguka zizi, akainama akaangalia kitu, akapiga kelele kwamba komeo la mlango huu limelegea, mna bisibisi? Akarudi akipanda mwinuko mdogo wa ua, akisukuma na kuzungumza kwa pamoja, bila hata tone la jasho, mpaka akasimama mbele ya Mzee Khamisi. Alikuwa akimtazama kutoka chini, naam. Haikumuuma kama alivyodhani. Mzee alikuwa anamtazama yeye, machoni.

"Shikamoo, baba," alisema, kwa sauti nzima.

"Marahaba!" Mzee Khamisi alijibu, na jibu lile lilisikika hadi kwenye korongo. "Marahaba, marahaba. Hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Sudi! Ingia ndani tuongee. Ulileta barua au ulileta maigizo?"

Ndani, kwenye pazia, birika lilianguka. Hakuna aliyeuliza lililoliangusha.

Mazungumzo ya wazee yalichukua chini ya saa moja, na Mzee Sudi alitoka akitabasamu kwa upande ule wenye jino la dhahabu. Ndoa baada ya mavuno. Kwa wakati huo Khalidi alikuwa ameshakaza komeo la zizi, na bibi yake Ikram alikuwa amemtolea cherehani ya mkono iliyolala miaka minane chini ya kitanda. Ikram alikaa karibu, kwa heshima ya mita moja, akimpokeza sindano.

"Hii ina ugonjwa kweli?" Khalidi aliuliza chini chini.

"Hii kweli," alisema Ikram. "Safari hii kweli."

Baba mdogo mwenye masharubu alikuja kumpa mkono. "Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema, "kwamba ni njaa."

Jioni ya kuondoka ilizuka hoja moja: vyuma. Fredy alisema mikono yake imeshika kiti. Mzee Sudi alikuwa na bakora. Shangazi alivitazama vilivyolala kwenye jamvi, magongo juu yake, kama wageni waliolewa pombe.

"Nilitaka wakuone, mwanangu," alimwambia Khalidi. Hakupaza sauti, na waliomfahamu walishtuka. "Nilitaka wakuone tu."

"Wameniona, Shangazi. Mpaka nilivyokula wameona."

"Ile firigisi!" Akajipiga paja, sauti yote ikarudi. "Firigisi ya mwenye nyumba! Khalidi, nitaenda nayo kaburini!"

"Ulinifinya kweli?"

"Utaona alama usiku. Tena uitazame vizuri, isije ikawa kidonda. Nisamehe."

Mzee Khamisi alisuluhisha suala la vyuma bila mkutano. Alimleta punda jike, mkubwa kuliko wote, akavifunga vyuma na magongo mgongoni mwake kwa kamba ya katani, kushoto kimoja, kulia kimoja. Akaongeza dumu la asali ya mkwe, akaupima mzigo kwa mkono, akaona unafaa.

Basi wakateremka. Mbele alikuwa Khalidi kwenye kiti, viganja vikibana magurudumu yasimkimbie, Fredy ameshika nyuma kwa kamba likitokea jiwe, wote wawili wakibishana kuhusu nani aliyekula kashata za ukweni. Nyuma yao Shangazi, ambaye tayari alikuwa kwenye simu na Chang'ombe, akisimulia tangu alfajiri na bila kuruka kitu. Na nyuma kabisa alikuja punda, kwa mwendo wake, vyuma vikigongana ti, ti, ti ubavuni kwenye ile njia ambayo asubuhi vilipandishwa kwa mabega ya mtu.